Watumishi Wanaoweza Kusema "Hapana"



Watu wengi wakisikia neno demokrasia huikumbuka siku ya uchaguzi: foleni ya alfajiri, kidole kilichotiwa wino, sanduku lililofungwa kwa lakiri, na redio ikisoma hesabu usiku kucha. Mambo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Siku ya kupiga kura ni siku moja katika miaka mitano. Katika siku zilizobaki, zaidi ya elfu moja na mia nane, raia huishi chini ya mikono ya watumishi ambao hakuwachagua: jaji, mkaguzi wa hesabu, karani wa Benki Kuu, msimamizi wa uchaguzi, Mkuu wa Wilaya. Ikiwa watumishi hao waweza kusema "hapana" mbele ya mkubwa wao wala wasipoteze kazi, kura ya raia ina mlinzi. Ikiwa hawawezi, kura ile ni karatasi tu, hata ikiwa imepigwa kwa utulivu namna gani.

Historia ya Kenya tangu mwaka wa 1957 yaonyesha jambo hili waziwazi. Katika nchi hiyo jeshi halikupata kamwe kuipindua Serikali. Jaribio la tarehe 1 Agosti, 1982, lilizimwa. Wale waliopunguza haki za raia wa Kenya hawakuja na vifaru. Walikuja na miswada, ikasomwa Bungeni mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, ikapigiwa kura, ikatiwa sahihi, ikachapwa katika Gazeti la Serikali. Ndiyo maana watu wengi hawakutambua hatari mpaka imekwisha kuingia nyumbani.

MWANZO WENYE KASORO

Katika mwezi wa Machi, 1957, Waafrika wa Kenya walichagua kwa kura zao wenyewe wajumbe wanane wa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Si haki kuusifu uchaguzi ule kupita kiasi. Nchi ilikuwa bado katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952. Mpiga kura alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake na utumishi wake. Mmoja akapewa kura moja, mwingine mbili, mwingine tatu, na wengi mno hawakupewa hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuonyesha cheti cha uaminifu kwa Serikali. Yaani Serikali ilijichagulia wapiga kura kabla wapiga kura hawajachagua wajumbe.

Hata hivyo jambo moja la maana lilitokea. Bwana Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza lile mwaka wa 1944, alishindwa na Bwana Bernard Mate. Watu wakaona kwamba hata mtu mwenye heshima kubwa na utumishi wa miaka mingi aweza kuondolewa kwa karatasi, akatoka kwa amani. Miongoni mwa wale wanane walikuwamo Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, na majina hayo yalisikika katika siasa za Kenya kwa miaka mingi baadaye.

Utawala wa kikoloni uliacha pia vyombo vyake. Iliachwa Sheria ya Machifu ya mwaka wa 1937, iliyompa chifu amri juu ya mambo mengi ya wanakijiji. Iliachwa desturi ya kuomba kibali kabla ya kufanya mkutano wa hadhara. Aliachwa Mkuu wa Wilaya, aliyekuwa macho, masikio na mkono wa Serikali. Vyombo hivyo vilitengenezwa ili kuwatawala watu wasiokuwa na kura, wala si kuwatumikia raia wenye kura. Ajabu ni kwamba waliokuwa wakivilaumu wakati walipokuwa nje, walipoingia ndani waliviona vyafaa sana. Kibali cha mikutano hakikuondolewa katika sheria mpaka mwaka wa 1997, miaka thelathini na minne baada ya Uhuru.

KATIBA ILIYOPUNGUZWA KIDOGO KIDOGO

Katiba ya Uhuru ya mwaka wa 1963 ilikuwa na mabaraza mawili ya Bunge, serikali za majimbo, na majaji ambao hawakuweza kufukuzwa ovyo. Chama cha KANU, kilichoshinda uchaguzi wa mwezi wa Mei mwaka ule, hakikuipenda. Kilisema ni katiba ya gharama kubwa, yenye kuwatenga watu wa makabila mbalimbali, na kwamba nchi changa yahitaji mkono mmoja wenye nguvu. Maneno hayo hayakuwa upuuzi mtupu, na watu wengi wenye nia njema waliyakubali. Chama cha upinzani cha KADU kilijivunja katika Novemba, 1964, wajumbe wake wakahamia KANU, na mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri. Majimbo yakanyang'anywa uwezo.

Kisha ukaja mwaka wa 1966. Katika Aprili, Bwana Oginga Odinga alijiuzulu cheo cha Makamu wa Rais, akatoka KANU pamoja na wajumbe kadha wa kadha, wakaingia katika chama kipya cha KPU. Kwa haraka Bunge likapitisha sheria kwamba mjumbe anayekihama chama kilichomdhamini hana budi kuacha kiti chake na kurudi kwa wapiga kura. Sheria hiyo peke yake haina ubaya. Pengine hata ina haki ndani yake. Lakini yafaa kuuliza: kwa nini haikutungwa mwaka wa 1964, wakati wajumbe wa KADU walipohama kwa kundi zima? Jibu ni kwamba wale walihamia kwa wakubwa na hawa waliwahama wakubwa. Viti 29 vikapiganiwa katika uchaguzi mdogo wa Juni, 1966. Katika mwaka uo huo Serikali ilipewa na Bunge uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwapeleka mahakamani, na baraza la pili la Bunge, yaani Seneti, likaunganishwa na la kwanza na kutoweka.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 5 Julai, 1969, Tom Mboya alipigwa risasi akafa mjini Nairobi. Tarehe 25 Oktoba mwaka uo huo, Rais Jomo Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, palitokea fujo, askari wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Tangu hapo Kenya ilikuwa na chama kimoja kwa matendo, na kuanzia Juni, 1982, ikawa na chama kimoja kwa sheria, kwa kifungu cha 2A kilichotiwa katika Katiba.

Wakati wa chama kimoja uchaguzi haukukoma. Kila miaka mitano watu walipiga kura, na hata mawaziri walishindwa. Wengi walisema kwamba huo ndio ushahidi wa demokrasia ya Kiafrika. Lakini mpiga kura alichagua baina ya watu wa chama kile kile, ambao majina yao yalikwisha kupita mikononi mwa chama, na juu kabisa, katika kiti cha Rais, hapakuwa na uchaguzi wa namna yo yote.

MLOLONGO WA 1988

Mwaka wa 1986 uamuzi wa namna mbili ulifanywa, nao ukatoka katika mawazo yale yale.

Uamuzi wa kwanza ulihusu watumishi wakubwa. Kwa mujibu wa Katiba, Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hawakuweza kufukuzwa mpaka baraza maalumu limechunguza na kuona kosa. Mwaka ule ulinzi huo uliondolewa. Mwaka wa 1988 ukaondolewa ulinzi wa majaji pia. Tangu siku ile jaji aliyekuwa akisikiliza kesi ya raia dhidi ya Serikali alijua kwamba mshtakiwa mmoja katika kesi ile ana uwezo wa kumfukuza kazi. Hakuna haja ya kumtuhumu jaji ye yote kwa jina. Mizani ikiwekewa kidole, hata mfanyabiashara mwaminifu hawezi kupima sukari sawasawa.

Uamuzi wa pili ulihusu kura yenyewe. Chama cha KANU kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea kura ya siri iachwe, na mahali pake wanachama wapange mstari nyuma ya mgombea wao au wakala wake. Watu wakauita mlolongo. Walioutetea walisema kuwa ni njia rahisi, isiyo na gharama, na ya Kiafrika, maana mzee wa zamani hakujificha alipotoa shauri. Wakuu wa makanisa waliupinga kwa nguvu. Walisema kwamba mchungaji hawezi kusimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja, kisha Jumapili awahubirie watu wa pande zote mbili. Wala mwalimu hawezi, wala karani wa Serikali, wala mwenye duka. Kwa kusema kweli hata mke aliyetofautiana na mumewe hakuweza.

Katika Februari, 1988, mlolongo ulitumika nchi nzima. Kanuni ilisema kwamba mgombea aliyepata asilimia 70 au zaidi katika mstari amekwisha kuchaguliwa kuwa mjumbe wa Bunge, wala hapana haja ya kura ya siri. Msimamizi aliyehesabu na kutangaza alikuwa Mkuu wa Wilaya, mtumishi aliyeweza kuhamishwa au kufukuzwa kwa simu moja. Mahali pengi watu walishuhudia kwa macho yao mstari mrefu ukitangazwa kuwa mfupi, na mfupi kuwa mrefu.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote, nalo si la siasa bali la ufundi. Karatasi ya kura huweza kuhesabiwa mara mbili. Huweza kufungiwa, kupelekwa mahakamani, kufunguliwa mbele ya mashahidi na kuhesabiwa tena. Mlolongo wa watu hauwezi. Wakiisha kutawanyika kwenda zao mashambani, ushahidi umetawanyika pamoja nao. Aliyeshindwa kwa hila hakuwa na kitu cha kumwonyesha jaji. Na hata angekuwa nacho, jaji naye alikuwa amekwisha kuondolewa ulinzi. Ndivyo uamuzi ule wa kwanza na wa pili ulivyokutana.

Chuki iliyotokana na mlolongo ilikuwa kubwa kuliko wakubwa walivyotazamia. Walioudhika hawakuwa wapinzani wa zamani tu. Walikuwamo watu waaminifu wa KANU waliotupwa nje ingawa walikuwa na watu wengi nyuma yao. Mwaka wa 1990 kamati ya chama, chini ya uenyekiti wa Profesa George Saitoti, ilizunguka nchini kusikiliza malalamiko, na watu wakasema bila woga. Mlolongo ukaachwa, majaji wakarudishiwa ulinzi wao mwaka ule ule, na katika Desemba, 1991, kifungu cha 2A kikafutwa. Wafadhili wa nje walikuwa wamezuia fedha zao, na jambo hilo lilisaidia. Lakini ni kosa kudhani kwamba mageuzi yale yaliletwa na wageni. Yaliletwa na watu waliohesabiwa vibaya.

DHAHABU ISIYOKUWAPO

Huenda msikilizaji akasema kwamba haya ni mambo ya wanasiasa, na ya kwamba mkulima wa Kakamega au mvuvi wa Lamu hayamhusu. Basi na atazame kilichotokea katika hazina.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya Kenya ilikuwa ikiwapa fidia wafanyabiashara waliopeleka bidhaa nchi za nje, ili kuwatia moyo walete fedha za kigeni. Kampuni moja iliyoitwa Goldenberg International ililipwa fedha nyingi sana kwa kudai kwamba inauza nje dhahabu na almasi za Kenya. Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yake ni kidogo. Mtu ye yote mwenye ramani angaliweza kuuliza swali.  Lakini fedha zikatoka. Bei za vitu zikapanda, shilingi ikaanguka thamani, na mkulima yule wa Kakamega akalipa alipokwenda dukani kununua mafuta ya taa, ijapokuwa hakupata kulisikia jina la kampuni ile.

Aliyesema "hapana" alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, Bwana David Munyakei. Aliona nyaraka zilizompitia mezani, akaona kwamba haziwezi kuwa za kweli, akazipeleka mikononi mwa wajumbe wa upinzani Bungeni. Mwaka wa 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za Serikali. Kesi ikaachwa, lakini kazi aliipoteza, wala hakurudishwa. Baadaye tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire ilichunguza habari zile kwa muda mrefu, na Bwana Munyakei akasifiwa hadharani na kupewa tuzo. Alifariki mwaka wa 2006, akiwa maskini. Nchi inayowasifu watu wa namna hiyo baada ya kuwaacha wafe katika umaskini isishangae ikiwa makarani wengine huona heri kunyamaza.

DESEMBA, 2007

Uchaguzi wa Desemba, 2002, ulikuwa mzuri. Rais Moi, aliyetawala tangu 1978, aliondoka kwa mujibu wa Katiba, mgombea wa chama chake akashindwa na akakubali, na Bwana Mwai Kibaki akaapishwa mbele ya umati mkubwa. Wakenya waliona kwamba kazi imekwisha. Hilo ndilo lililokuwa kosa.

Mwaka wa 1997 vyama vya Bunge vilipatana kwamba wakamishna wa Tume ya Uchaguzi wateuliwe kwa kushauriana na upinzani. Yalikuwa mapatano ya waungwana. Hayakuandikwa katika Katiba. Kabla ya uchaguzi wa 2007 Rais aliteua wakamishna wapya bila ya ushauri ule, wala hakuvunja sheria yo yote kwa kufanya hivyo. Aliyekuwa mchezaji akawa amewateua waamuzi peke yake.

Watu walipiga kura tarehe 27 Desemba, 2007, kwa amani na kwa wingi. Kisha hesabu zikachelewa. Katika jumba la mikutano la KICC, mjini Nairobi, mawakala wa vyama waligombana na maofisa juu ya tarakimu zilizosomwa, ambazo hazikulingana na zile zilizotangazwa katika majimbo ya uchaguzi. Tarehe 30 Desemba Bwana Kibaki akatangazwa kuwa mshindi, na jioni ile ile akaapishwa katika Ikulu. Matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yakapigwa marufuku. Siku chache baadaye mwenyekiti wa Tume, Bwana Samuel Kivuitu, alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe hajui kama Bwana Kibaki alishinda.

Wapinzani walikataa kwenda mahakamani, wakisema kwamba majaji hawatawatendea haki. Labda walikosea, labda hawakukosea. Lakini watu wasipokuwa na imani na mlango wa mahakama, hubaki na barabara. Nyumba zikachomwa Eldoret, Kisumu, Naivasha, Nakuru na katika vitongoji vya Nairobi. Jirani akamfukuza jirani waliyeazimana chumvi miaka ishirini. Watu 1,133 waliuawa, kwa hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tarehe 28 Februari, 2008, kwa usuluhishi wa Bwana Kofi Annan, pande mbili zikatia sahihi mapatano ya kugawana Serikali.

Tume nyingine, ya Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini, ilichunguza uchaguzi wenyewe. Wengi walitumaini kwamba itatangaza mshindi wa kweli. Haikumtangaza. Ilisema kwamba hesabu ziliharibika kiasi cha kwamba haiwezekani kujua ni nani aliyeshinda, na kwamba udanganyifu ulionekana katika ngome za pande zote mbili. Maneno hayo yalimkasirisha kila mtu, nayo ndiyo yaliyokuwa na faida kuliko yote yaliyoandikwa wakati ule. Watu zaidi ya elfu walikufa kwa ajili ya jibu ambalo halikuwapo katika makaratasi.

HESABU MLANGONI MWA KITUO

Katiba mpya iliyokubaliwa na raia tarehe 4 Agosti, 2010, ilijaribu kuziba matundu hayo. Majaji hupatikana kwa usaili wa tume mbele ya watu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana ofisi yake huru. Kura zahesabiwa na kutangazwa pale pale kituoni. Anayepinga kuchaguliwa kwa Rais ana siku saba za kufika katika Mahakama ya Juu, nayo Mahakama ina siku kumi na nne za kuamua, na aliyetangazwa haapishwi mpaka hapo.

Sheria iliyo katika kitabu haina miguu mpaka mtu aitembeze. Katika Juni, 2017, Mahakama ya Rufani iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na Bwana Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo yaliyotangazwa katika jimbo la uchaguzi ni ya mwisho, wala wakubwa walioko Nairobi hawana ruhusa ya kuyasahihisha. Mwisho wa mwezi uliofuata Bwana Chris Msando, aliyesimamia mitambo ya mawasiliano ya Tume, alikutwa ameuawa, siku chache tu kabla ya uchaguzi. Tarehe 1 Septemba, 2017, Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa Rais uliofanywa Agosti 8. Majaji wanne walikubali, wawili walikataa na kuandika sababu zao. Jambo hilo halikupata kutokea katika Afrika. Mahakama ilisema kwamba njia ya kupeleka matokeo haikufuata Katiba, na kwamba Tume iliamriwa kufungua mitambo yake ikaguliwe, isifanye hivyo ipasavyo.

Malipo ya neno "hapana" yalikuja upesi. Rais Uhuru Kenyatta aliwasema majaji kwa maneno makali. Tarehe 24 Oktoba dereva wa Naibu wa Jaji Mkuu alipigwa risasi na kujeruhiwa. Kesho yake Mahakama ilipotakiwa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio, majaji wawili tu walifika, na kesi haikusikilizwa. Bwana Raila Odinga alikuwa amekwisha kujitoa, na watu wengi hawakupiga kura. Mwaka wa 2019 Rais alipewa majina 41 ya majaji wapya, akakaa nayo karibu miaka miwili. Akateua 34 mwaka wa 2021 na kuwaacha sita. Sita hao hawakuapishwa mpaka Septemba, 2022, alipoingia Rais mwingine. Hapakuwa na kifungu cha Katiba kilichofutwa safari hii. Palikuwa na kukawia tu. Na kukawia ni silaha isiyotoa mlio.

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, 2022, Tume ilifanya jambo jepesi ambalo lingaliweza kufanywa zamani. Fomu ya 34A ya kila kituo, yenye hesabu na sahihi za mawakala, ilipigwa picha na kuwekwa katika tovuti ambayo mtu ye yote aliweza kuifungua. Vituo vilikuwa zaidi ya elfu 46. Mwanafunzi aliyeko Meru aliweza kuisoma fomu ya Mandera, na mwenye subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Tofauti baina ya Bwana William Ruto na Bwana Odinga ilikuwa ndogo, kura 233,000 hivi. Wakamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo. Hofu iliingia nchini. Lakini safari hii kulikuwa na kitu cha kumwonyesha jaji: tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, iliyathibitisha matokeo, na nchi haikuungua kama ilivyoungua mwaka wa 2007. Wengi wa walioshindwa hawakuridhika, na wana haki ya kutoridhika. Fomu zile zilikuwapo, wao na mawakili wao wakazisoma.

BANISSA

Mtu asidhani kwamba kwa sababu hiyo hatari imekwisha. Wale wakamishna wanne waliondoka baada ya mzozo, na muda wa watatu waliobaki ukaisha mwanzoni mwa 2023. Tangu hapo Kenya ilikaa bila kamishna hata mmoja wa uchaguzi. Wanasiasa wa pande mbili walibishana juu ya kamati ya kuwatafuta wapya, wakakutana, wakaandika ripoti, wakapelekana mahakamani. Katika Juni, 2024, vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na wengine wakauawa kwa risasi, Katiba iliwapa raia haki ya kumwita mjumbe wao arudi nyumbani kabla ya muda wake. Lakini ofisi ya kupokea ombi hilo haikuwa na mwenye kutia sahihi. Wakamishna wapya hawakuapishwa mpaka Julai, 2025.

Katika Machi, 2023, mjumbe wa Bunge wa Banissa, katika Kaunti ya Mandera, alifariki dunia baada ya ajali ya barabarani. Katiba husema kwamba kiti kikiwa wazi uchaguzi mdogo ufanywe katika siku tisini. Banissa ni nchi kavu ya mpakani, yenye wafugaji, barabara mbaya na visima vichache. Watu wake wana haja ya mjumbe kuliko wengi. Hakuna aliyewanyang'anya kura. Hakuna sheria iliyotungwa juu yao, wala askari aliyetumwa. Bajeti tatu zilisomwa Bungeni, kodi zikapangwa, fedha za maji na shule zikagawanywa, na kiti cha Banissa kilikuwa kitupu.

Walipiga kura tarehe 27 Novemba, 2025, baada ya miaka miwili na miezi minane.